Kulabu Tatu za Marehemu Idi

Mkaratusi ule haukuwa na tawi la kushika mpaka uupite urefu wa paa. Ulisimama nyuma ya jumba moja la Kigobe, mtaa wa matajiri wa Buja, gome lake limebambuka na kubaki jeupe na laini, na mvua za mwezi huo hazikuupa nafasi ya kukauka. Chini yake mwenye nyumba alikuwa na tuta la maua, miche michanga iliyopangwa kwa mistari. Assia Hamadi, afisa wa upelelezi, alilizunguka tuta lile mpaka mlinzi wa nyumba akachoka kumtazama. Brigedia Fortunat, askari wa cheo cha chini na msaidizi wake, yeye alitazama juu. Ndivyo walivyozoea kugawana kazi, mmoja ardhi na mwingine mbingu, na mara nyingi aliyetazama ardhi ndiye aliyepata kitu.

"Fortunat, we na huo mwili wako, ukianguka kutoka kule juu, maua haya yatakuwa namna gani?"

"Yatakufa, afande. Na mimi pia."

"Haya, nionyeshe ua moja lililokufa."

Fortunat aliinama, akatafuta, akainuka mikono mitupu. Miche michache ya ukingoni ilikuwa imelala ubavu, kama iliyolaliwa na kitu kilichowekwa taratibu, na ilikuwa inajaribu kuinuka. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na bua lililovunjika.

Juzi, mahali hapo hapo, Idi Sudi, mkwea miti wa Buyenzi, alikutwa amekufa. Alikuwa ameitwa kupunguza matawi yaliyoegemea paa. Mwenzake wa kazi alikuwa Khaled, ambaye pia ni shemeji yake, kwa kuwa Idi alimwoa dada yake Khaled, Saliha. Khaled aliwaambia polisi wa kwanza kufika kwamba Idi ameanguka. Huko mochwari daktari akakuta alama ya kamba shingoni. Mlinzi naye akasema aliwasikia wawili hao wakigombana asubuhi. Polisi wale hawakutaka zaidi: kamba shingoni, uongo mdomoni, ugomvi asubuhi. Walimtia Khaled kasho, mahabusu ya polisi, na leo jioni faili lake lilikuwa liende parke, ofisi ya mashtaka, kwa jina la mauaji ya kukusudia. Mtu akishafika huko kwa jina hilo, kurudi nyumbani ni hadithi ndefu. Saliha alikuwa amempoteza mume na sasa anampoteza kaka, na majirani walikuwa wameshaanza kumuuliza yuko upande gani, kana kwamba msiba una pande.

Maiti yenyewe ilikuwa bado imezuiliwa. Buyenzi, ambako Assia alizaliwa, maiti kulala nje ya kaburi huwaumiza watu kuliko njaa. Alipopita huko asubuhi kunywa chai hakuna aliyemsalimia kwa mdomo wote.

Mlinzi, Sébastien, aliletwa tena. Alikuwa msemaji wa Kirundi wa kutoka milimani, mwenye adabu, na alijibu akiwa amevua kofia.

"Walikuwa wanagombania nini?"

"Sijui, mama. Kiswahili cha Buyenzi kinanipita mbio. Niliona tu ule mufupi, Khaled, anainua chuma kimoja, anamwonyesha mwenzake. Ule mwenzake anakataa, anachukua chuma kingine. Vyuma vyao vya kwenye sakoshi, ule mufuko wa kazi."

"Halafu?"

"Halafu nilienda mbele kuosha gari. Nikasikia ule wa juu anaita. Khaled! Khaled! Mara nyingi. Nikasema, ee, hawa bado wanagombana."

"Na Khaled alijibu nini?"

Sébastien aliikunja kofia yake. "Sikusikia akijibu."

"Geti lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa wazi, mama, maji yalikuwa yanatoka inje. Lakini mi nilikuwa nimeinama kwenye magurudumu. Mutu anaweza kupita nisimwone."

Assia alimshukuru, akaenda kusimama kivulini, akampigia simu daktari wa mochwari, Joëlla, mwanamke ambaye hakuwa na desturi ya kusema neno ambalo hakuulizwa.

"Dokta, ile alama ya shingoni. Imezunguka sawasawa kama kola ya shati, ama imepanda?"

"Imepanda. Inaanza chini ya kidevu, inapanda nyuma ya masikio yote mawili. Kisogoni hakuna kitu."

"Ulimwambia nani?"

"Nani aliniuliza?"

"Na mifupa?"

"Miguu mizima, uti wa mgongo mzima. Kuna jeraha moja tu, kichwani upande wa kushoto. Pana, bila kukata."

"Kama la kugonga ukuta?"

"Ukuta, ama mti."

Assia alikata simu. Anayekabwa kwa kamba na mtu mwingine huachwa na alama iliyozunguka shingo kama mkufu. Alama inayopanda hupanda kuelekea kule uzito ulikoshikwa. Kwa hiyo Idi hakuanguka, na Khaled hakumkaba. Idi alining'inia.

Fortunat alikuwa amesikia yote, na alipiga hesabu yake haraka. "Donc, kumbe alijinyonga, afande. Basi. Khaled hana kosa, aliogopa tu kusema."

Alilisema kwa sauti ndogo, na hata hivyo Assia aligeuka kuona kama kuna mtu karibu. Jibu hilo lingemtoa Khaled kasho kabla ya saa ya chakula, na lingemtia Idi mahali pabaya kuliko kaburi. Angekuwa yule aliyejinyonga, watoto wake wangekuwa wa yule aliyejinyonga, na barazani wazee wangebishana mpaka mate yawakauke kama asaliwe au asisaliwe. Assia hakulipenda jibu lile. Ila alijua pia kwamba kutolipenda jibu si ushahidi.

"Tusimuandikie mutu kitu ambacho hatujakipandia kukiona," alisema. "Lete sakoshi."

Sakoshi ya Idi ilikuwa na kulabu tatu, kroshe kama wakwea miti wanavyoziita, zote za kufuliwa Buyenzi. Ya kwanza ilikuwa ya ukucha mmoja, nondo nene iliyokunjwa na kunolewa ncha. Ya pili ilikuwa ya ukucha mmoja pia, lakini imeviringishwa mpira wa ndani wa baiskeli kutoka shingo mpaka ncha. Ya tatu ilikuwa nanga, kucha nne zilizochomelewa kwenye bomba fupi, bado imefungwa kwenye kamba yake. Humo humo kulikuwa na uzi mrefu wenye kifuko cha mchanga mwishoni.

Baba yake Assia alifunga mizigo ya malori bandarini maisha yake yote, na binti alijua kamba kabla ya kujua kusoma. Alimweleza Fortunat huku akizipanga kulabu zile kwenye gunia. Mkwea miti haendi juu kwa kulabu. Anatupa kifuko cha mchanga kivuke panda ya tawi nene na kushuka upande wa pili, kisha kwa uzi ule anavuta kamba nzito. Ncha moja ya kamba nzito anafungwa yeye kifuani, chini ya makwapa. Ncha ya pili inazungushwa kwenye shina la mti wa jirani na kushikwa na mwenzake, anayelegeza na kukaza kadiri wa juu anavyotembea. Kulabu ni ya kuvuta tu: kujisogeza upande, au kulileta tawi karibu na msumeno. Haibebi roho ya mtu.

"Na Buyenzi kuna desturi," aliongeza. "Wa kupanda hajifungi mwenyewe. Anafungwa na mushika kamba. Anasema bismillahi, na ule aliyemfunga ndiye atakayemfungua. Kabla ya hapo haondoki, hata aitwe na mama yake."

Mtu wa kupanda alipatikana: Mugisho, mkata matawi wa kutoka upande wa Uvira, ambaye kwa miaka alinyang'anyana kazi na marehemu. Alikuwa ameshatoa hukumu kabla ya kuvua viatu.

"Shefu, mi nitakwambia bure. Kroshe ilikatika. Idi alikuwa ananunua vyuma vya wahuni. Ama ule muramu wake, ule shemeji, alimfunga vibaya. Mbili hizo tu."

"Panda kwanza, Mugisho. Kiapo utakula ukishuka."

Mugisho alizungusha kifuko cha mchanga na kukirusha. Kikagonga tawi, kikarudi, nusura kimpate Fortunat kwenye kofia. Aliporusha tena kilivuka panda ile nene na kushuka kwa adabu. Kamba nzito ikavutwa. Ilipofika zamu ya kufungwa, Fortunat alinyoosha mikono, na Mugisho akarudi nyuma.

"Polisi anifunge kamba? Apana, apana. Hiyo hata kwetu Congo haifanyiki."

Basi Assia ndiye aliyemfunga, fundo la kitanzi kisichokaza, kisha akaenda na ncha ya pili kwenye mti wa jirani, mgrevilea wa wastani, ili aizungushe shinani. Hapo mkono wake ulisita. Kwenye gome la mti ule, kwenye kimo cha kiuno, palikuwa na mistari ya kamba, kama ilivyotakiwa. Lakini juu ya mistari hiyo palikuwa na kovu jingine: donge la fundo lililobanwa kwa nguvu mpaka likaingia kwenye gome na kuacha umbo lake. Alilitazama, akazungusha kamba yake juu kidogo ya hapo ili asiliharibu, na hakumwambia mtu.

Mugisho alipanda. Kusema kweli alipanda vizuri, ila hakunyamaza hata mara moja.

"Kuna koti huku!" alipiga kelele. "Koti la mvua, la manjano. Limetundikwa kwenye kisiki cha tawi, vizuri kabisa, kama la bwana arusi."

"Liache kwanza. Panda iliyobeba kamba ina nini?"

"Imechimbika. Kamba ilisugua hapa na uzito mukubwa, ikashuka polepole."

"Sasa angalia tawi la upande wa paa."

Mugisho alijivuta mpaka upande huo. "Kuna mukwaruzo, shefu. Murefu. Unaanza katikati ya tawi, unakimbia mpaka pembeni, halafu unaisha hewani."

Assia alimpandishia kulabu zote, na Mugisho akazijaribu moja moja kwenye tawi lile, akikaa pale pale lilipotundikwa koti. Ile ya ncha iliyonolewa ilichimba kitundu na kukwama. Ile ya mpira ililikumbatia tawi, ikavutwa, haikusogea, wala haikuacha alama. Kisha nanga. Ilirushwa vizuri kuliko zote, ikajipachika mara moja. Kwenye tawi laini la mviringo, ukucha mmoja tu ndio uliogusa. Tatu nyingine zilining'inia bila kazi. Mugisho alivuta kidogo, ikashika. Akavuta kwa mwili, ikateleza yote, ikaacha mkwaruzo mpya sambamba na ule wa zamani.

"Umeona? Kroshe mbaya!"

"Imekatika?"

"Apana."

"Imepinda?"

"Apana, lakini..."

"Basi ni kroshe nzuri kwenye muti mubaya. Shuka na koti."

Koti lilipofika chini Assia alimvalisha Fortunat, ambaye hakulifurahia. Lilikuwa nene, la bitana ndani, la kumfaa mtu anayeanza kazi kwenye baridi ya mvua. Alimfunga kamba kifuani juu ya koti, ikamkaa sawasawa.

"Sasa jua limetoka, unaona joto, umechoka nalo. Livue."

"Na kamba?"

"Na kamba ikiwapo."

Fortunat alihangaika. Alifungua vifungo, akatoa mkono mmoja, akatoa wa pili, akalivuta koti kwa chini mpaka likatoka lote. Kitanzi kikabaki kifuani pake kimelegea, nafasi ya kupitisha ngumi mbili.

"Umegonga kichwa. Umezimia. Legeza mikono yako, ipande."

Assia alivuta kamba kwa juu. Kitanzi kilipita makwapa ya Fortunat kana kwamba hayapo, kikapanda mabega, kikatulia chini ya kidevu na nyuma ya masikio mawili. Brigedia alitoa sauti ya mbuzi. Assia aliachia mara moja, na Sébastien, aliyekuwa akitazama kutoka kwenye kona ya nyumba, alivua kofia yake bila kuambiwa.

Sasa hakuna aliyekuwa na haja ya kusema amejinyonga. Anayetaka kufa hatundiki koti lake ili lisidondoke, wala hahangaiki kutupa nanga kwenye tawi lile lile aliloitwa kulikata. Idi alitaka kujisogeza upande wa paa. Nanga iliteleza, naye akarudi na kamba yake mpaka kwenye shina. Aligonga kichwa, akalegea, na kitanzi kilichopwaya kikamalizia.

Fortunat alikuwa anasugua shingo. "Basi tumemaliza, afande."

"Tumemaliza juu," alisema Assia. "Twende tukaongee na wa chini."

Ofisini walimkuta Saliha amekaa kwenye benchi, mweupe wa nguo kutoka kichwani mpaka miguuni. Mwanamke aliye kwenye eda hatoki nyumbani ila kwa jambo zito, na hakuna aliyehitaji kuuliza jambo lenyewe.

"Dada Assia, wameniambia saa kumi mutampeleka kaka yangu parke. Mi nimekuja kusikia kwa masikio yangu. Kama alimuua mume wangu, niambie. Kama hakumuua, nipe maiti yangu nizike."

Kanuni zilisema asubiri nje. Assia alimpa kiti ndani, kando ya dirisha, akamwomba asiseme neno mpaka aulizwe. Kisha akaagiza Khaled aletwe.

Khaled alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa ya mfua vyuma, kwani kulabu zile tatu alizifua yeye mwenyewe. Alipomwona dada yake aligeuza uso ukutani. Assia hakumuuliza kitu. Alimsimulia: maua yaliyosimama, alama iliyopanda, koti, mkwaruzo. Alisimulia kama mtu anayesoma bei sokoni.

"Idi hakuanguka, Khaled. Ulimkuta ananing'inia, ukamshusha polepole, ukamfungua kamba, ukamlaza kandokando ya maua. Polisi walimkuta macho yamefumbwa; hilo pia ni wewe. Sasa niambie juu ya nini ulisema ameanguka."

Machozi ya Khaled yalitoka kabla ya maneno. "Dada, we ni mutu wa kwetu, we unajua. Mutu akikutwa kwenye kamba, Buyenzi yote inasema nini? Wanasema amejinyonga. Nani angemsalia? Watoto wangeishi namna gani? Nikasema heri aanguke. Kuanguka haina aibu. Mi sikujua ile kamba imeacha alama. Waliponikamata nikasema basi, wanifunge mimi, lakini jina lake libaki."

 Hata Assia moyo ulimwuma, na hakuficha. Yalikuwa maneno mazuri na yalikuwa ya kweli, kwani macho ya mtu huyo hayakuwa yanatafuta pa kutorokea. Mpelelezi mwenye haraka angeyaandika hapo hapo na kwenda kula.

"Mulikuwa munagombania kroshe?"

"Mi nilimwambia achukue ile ya mupira. Nilimwambia muti umelowa, huu ni mukaratusi, nanga itaachia. Akasema ile ya mupira ni nzito, haifiki. Akanicheka. Akasema nimefua vyuma mpaka nimekuwa muoga kama mwanamuke." Alipangusa uso. "Maneno ya kazi tu. Kila siku tulikuwa tunasema vile."

"Halafu ukamfunga."

"Nikamfunga."

"Akasema bismillahi."

"Alisema."

Assia alikuwa na swali moja lililobaki na alikuwa analitafutia mlango, kwa sababu kwenye chumba kile kulikuwa na mtu ambaye lingemwangukia vibaya. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyelifungua, tena bila kuruhusiwa.

"Khaled," alisema Saliha. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mutu akifungwa kamba na shemeji yake, na shemeji yake yuko chini ameishika, anatazama juu, nani atasema amejinyonga? Ungesema tu, mi nilikuwapo, nimeona kwa macho yangu, nanga iliteleza. Watu wote wangekuamini. Juu ya nini uliogopa?"

Khaled aligeuza tena uso ukutani.

"Ulikuwa wapi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Khaled iliishia hapo. Assia aliona kwamba sasa kunyamaza ni kumtesa, akasema yeye, taratibu. "Kwenye mugrevilea kuna kovu la fundo. Mushika kamba hafungi fundo kwenye muti. Anashika kwa mikono, anapumua na ule wa juu. Fundo linafungwa na mutu anayeondoka. Zamu, ule mulinzi, alimsikia Idi anakuita mara nyingi, na hakusikia jibu. Alikuwa anakuita umlegezee kamba. Haikulegea, ndiyo akaivuta ile nanga kwa nguvu zote. Kamba inamvuta huku, yeye anajivuta kule."

"Nilikasirika." Khaled aliongea na sakafu. "Alinicheka mbele ya zamu. Nikafunga kamba kwenye muti, nikatoka kunywa chai. Nikasema acha akae kule juu kidogo, ajue kama kweli mi si kitu. Kidogo tu. Nilitaka aniite." Alishika kichwa. "Nilipokuwa narudi sikusikia kelele. Nikafurahi. Nikasema amechoka kuita, amenyenyekea."

 Nje mtu alikuwa akipiga mihuri kwenye meza ya jirani, na mihuri ile ilisikika mmoja mmoja. Fortunat, ambaye asubuhi nzima alitaka kesi iishe, sasa alionekana kutamani irudi ilipokuwa.

Assia alivuta karatasi. Alifuta kwenye kichwa cha karatasi maneno mauaji ya kukusudia na kuandika kuua kwa uzembe, na akaeleza kwa mistari michache jinsi Idi Sudi alivyokufa akiwa kazini, kwa kulabu iliyoteleza, kamba iliyofungwa na mshikaji asiyekuwapo. Neno kujinyonga halikuwa na mahali pa kukaa humo. Halafu akaandika kwamba maiti iachiwe ndugu zake leo hii. Aliyasoma yote kwa sauti, kwa kuwa Saliha alikuwa na haki ya kuyasikia.

Saliha alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akajitanda vizuri, akamtazama kaka yake kwa muda. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa vitu viwili kwa mikono miwili na vyote vizito.

"Idi hana ndugu mwanaume hapa Buja," alimwambia Assia. "Wote walibaki Kigoma. Na mi siendi makaburini. Nani ataingia kaburini kumpokea?"

"Watu wa msikiti wapo, mudogo wangu."

"Watu wa msikiti hawamjui." Alivuta pumzi. "Mpe Khaled ruhusa. Aende kumzika. Yeye alimfunga kamba, yeye amfungue vifundo vya sanda. Amalize na udongo na dua, asiruke kitu. Akirudi, mufunge."

Khaled alitaka kumshika mkono. Saliha aliurudisha ndani ya kitambaa chake, akatoka, na mlangoni akamwomba Fortunat radhi kwa kumpitia mbele.

Sheria haikumpa Assia ruhusa ile wazi, wala haikumkataza wazi. Alimwamuru Fortunat amfungue Khaled pingu, amtafutie maji ya kutawadha, na aende naye mpaka makaburini na kurudi naye. Kisha akarudi mezani kuandika tena mstari mmoja aliokuwa ameuharibu kwa wino.